Spika za nyuma ni za aliyekaa nyuma (niliyoongea na wenye magari pale Njiro)

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mafundi wenzangu mlioacha magari ya watu yamevuliwa milango mkaja hapa asanteni, na wenye hayo magari mtuvumilie, tutarudi kuyafunga. Waliponiita waliniambia niongee kuhusu mziki wa gari, nikawaambia aisee mziki wa gari mzima mzima tutakesha, mi nipeni kipande kimoja tu, spika za nyuma, maana ndo kipande watu wa Chuga, Arusha yetu hii, tunakipenda kuliko vyote na ndo tunachokiharibu kuliko vyote.

Mteja akija swali langu la kwanza huwa sio una hela ngapi. Namuuliza nyuma anakaa nani? Wengi wanashangaa, wanahisi nachungulia mambo ya nyumbani kwao. Lakini jibu lake ndo linaamua kila kitu, ukubwa wa spika, aina yake, itafungwaje, itatyuniwaje. Kuna mtu siti yake ya nyuma haijawahi kukaliwa na kitu zaidi ya mfuko wa nyanya za Kilombero na koti la baridi ya mwezi wa saba, anaendesha peke yake Ngaramtoni mjini, mjini Ngaramtoni. Kuna mama ana watoto watatu nyuma. Kuna wa Noah anabeba abiria. Na kuna nyie wa tour, Land Cruiser imerefushwa, wageni nyuma wamejaa, mbele dereva. Hao wote wakiingia dukani wanauziwa spika zile zile na maneno yale yale.

Tuanze na huyu wa peke yake maana ndo wengi. Ana Toyota IST, spika za mbele ni zile zile zilizotoka nazo Japani, karatasi imekauka imeanza kuchanika, hela yote anaimalizia nyuma, anachongewa ubao juu ya buti anafungiwa zile ndefu za inchi 6 kwa 9, mbili, saa ingine nne. Pale gereji milango ikiwa wazi kila mtu anatikisa kichwa, analipa anaondoka na mzuka. Wiki haiishi anapiga simu, fundi mbona mwimbaji ananiimbia kisogoni? Sasa bwana si umemkalisha huko wewe mwenyewe. Ukienda tamasha pale Sheikh Amri Abeid unasimama unaangalia jukwaa, hamna mtu analipa kiingilio halafu analipa jukwaa mgongo. Kwenye gari pia sauti ya mwimbaji inatakiwa itokee mbele, kwenye usawa wa dashibodi, kwaiyo kama hela ni ya kubana inaanzia mbele. Spika nzuri za mbele, milango ya mbele izibwe vizuri, ikibaki sabufa, ile spika kubwa ya bezi tu, ikibaki tena ndo nyuma. Na ntasema kitu mtanizomea: huyu wa peke yake anaweza asiweke spika nyuma kabisa na asikose kitu. Wale wanaoshindana ubora wa sauti, sio wanaoshindana kelele, wengi wao wanafunga mbele na sabufa basi.

Naona wauzaji pale mnanitolea macho. Tulieni, nakuja kwenye kuuza.

Ukishakuwa na watu nyuma mambo yanabadilika, maana aliyekaa nyuma spika za mbele hazisikii vizuri, siti imemziba, anapata bezi ya sabufa inamtikisa mgongo na maneno hayasikii. Huyo anahitaji spika zake. Sasa uchaguzi.

Usisome wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Boksi linasema 1200, ukigeuza upande kwa maandishi madogo ya chungu unakuta RMS 50. Hiyo RMS ndo ya kweli, ndo spika inayoweza kubeba muda wote unaosikiliza, ile nyingine ni ya kufumba na kufumbua. Na redio nayo hivyo hivyo, imeandikwa 50 mara 4, mtu anapiga hesabu anasema nina wati 200. Huna. Fanya hesabu na mimi: gari ikiwa inaunguruma umeme wake ni kama volti 14.4, na redio ya kawaida haina kitu cha kuupandisha zaidi ya hapo, kwaiyo kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme) hata ingekuwa redio ya malaika sauti safi inaishia kama wati 26, na kwa hali halisi ni 20 au chini yake. Ukipita hapo sauti inakatwa vichwa, inaanza kukwaruza, na kukwaruza huko ndo kunaunguza twita, kale kaspika kadogo ka sauti za juu. Watu wanasema spika imekufa kwa sababu redio ina nguvu sana. Mara nyingi imekufa kwa sababu redio haina nguvu na mwenyewe amekaza volyumu mpaka mwisho.

Namba ambayo hamna mtu anaiuliza ni sensitiviti. Inaandikwa kwa desibeli, 86, 90, 92, na maana yake ni kwamba ukiipa spika wati moja ukakaa mita moja inapiga kwa kiasi gani. Ukiona tofauti ya 3 ujue ni sawa na kudabo wati. Tofauti ya 6 ni mara nne! Sasa fikiria mtu amenunua komponenti za bei za mbele, zile ambazo twita inakuja peke yake, zina 86, halafu nyuma akaokota spika za bei poa zina 92, akaunga zote kwenye redio moja. Nyuma itapiga kama imepewa wati mara nne ya mbele, na fundi hajakosea waya hata mmoja. Mtu anarudi anagomba. Kwaiyo nyuma chukua yenye sensitiviti sawa na ya mbele au chini kidogo, na ikiwezekana chukua kampuni ile ile na toleo lile lile ili sauti zifanane, mwanamke akiimba mbele asisikike mwingine nyuma.

Komponenti za nyuma? Kwa gari za kawaida mi naona ni kutupa hela. Zile zenye twita katikati zinatosha kabisa. Komponenti faida yake ni kwamba twita unaitoa unaipandisha juu karibu na kioo, sasa nyuma ukipandisha twita juu inakuwa kwenye sikio la abiria pale pale na kwa dereva inavuta mziki wote urudi nyuma. Tafuta tu yenye katwita kanakozungushika ili ukageuzie juu kidogo, maana mlango wa nyuma spika iko usawa wa goti.

Ukubwa usikisie, na usimwamini mtu aliyekwambia kwenye simu. Milango mingi ya Toyota hizi tulizonazo inachukua inchi 6 na nusu lakini fungua upime. Pima tundu, pima kina, na kina unapima kioo kikiwa kimeshushwa chote, rafiki zangu wa Unga Limited nawaangalia nyie, maana spika yenye sumaku nene ikifungwa kioo kikiwa juu inakaa vizuri sana mpaka mteja afike Sakina joto limpate ashushe kioo. Na zile pete za kushikia spika usichonge kwa MDF kavu ukaiacha hivyo, mvua za mwezi wa nne maji yanashuka ndani ya mlango kila siku, ile mbao inavimba kama andazi, ipake rangi ya mafuta au tumia pete ya plastiki.

Sedani ni habari nyingine. Corolla, Premio, Mark II zina lile bati chini ya kioo cha nyuma, na pale 6 kwa 9 inakaa vizuri kwa sababu buti zima linakuwa boksi lake. Tatizo linakuja ukiongeza sabufa humo humo kwenye buti. Sabufa ikipiga upepo wa buti unasukuma koni za zile spika kwa nyuma, zinacheza bila kupewa mziki, utaona zinaruka ruka, bezi inavurugika na mwisho zinalegea. Zifunikie kwa chini, hata kopo la plastiki gumu lililozibwa vizuri na povu ndani linasaidia.

Kuziba mlango ndo kazi ambayo mteja haioni kwaiyo hailipii, na fundi hailipwi kwaiyo haifanyi. Spika ikisukuma mbele na nyuma yake inasukuma, na zile sauti mbili zikikutana kupitia matundu ya bati zinauana, cha kwanza kufa ni bezi. Ziba matundu makubwa, bandika zile shiti za lami zenye karatasi ya fedha nyuma ya spika, weka povu kuzunguka ukingo ili spika igusane vizuri na kava ya mlango. Ile nailoni ya mlangoni usiichane ukaitupa, ndo inazuia maji yasiingie ndani ya gari, ukiitoa rudisha. Spika ya kawaida kwenye mlango uliozibwa inaiaibisha spika ya bei kwenye mlango mtupu, hili mtu akitaka kubishana aje na gari lake.

Waya sasa. Kabla hujafunga kava chukua betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya hasi kwa hasi, gusa na kuachia. Koni ikitoka nje uko sawa, ikiingia ndani umegeuza. Fanya kwa spika zote nne. Moja tu ikiwa kinyume na mwenzake bezi inapotea na sauti ya mtu inakuwa haina mahali, huwezi kuonyesha kidole inatoka wapi, na mwenye gari atamlaumu mpaka aliyemuuzia gari.

Halafu hili la Noah. Mtu ana siti tatu za kwenda nyuma, anataka spika za mlangoni na nyingine kule mwisho, fundi anachukua waya wa nyuma anaunga mbili sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Spika mbili za omu 4 zikiungwa hivyo zinakuwa omu 2, redio nyingi zimetengenezwa kwa 4 kwenda 8, inachemka, saa mbili za barabarani inaanza kukata, inarudi, inakata. Hamna mchawi hapo. Ukitaka spika nyingi weka amplifaya, au ziunge kwa hesabu: spika nne za omu 4, unga mbili kwa mfuatano, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, zinakuwa 8, na zile mbili nyingine hivyo hivyo 8, halafu hayo makundi mawili yaunge sambamba, unarudi omu 4 kamili na redio haijui kama kuna spika nne pale.

Haya kutyuni, naona watu wa redio za android mmeshashika simu mnataka namba. Namba ntawapa ila kwanza utaratibu.

Zima nyuma kabisa. Feida, ile ya kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, ipeleke mbele yote, na wale wenye redio zenye menyu za Kijapani tafuteni mtoto wa shule anayejua simu atafsirie hiyo menyu kwa kamera, feida ipo humo ndani, usikate tamaa. Tyuni mbele mpaka uridhike, peke yake, kama nyuma hakuna kitu. Ndo uanze kuirudisha nyuma kidogo kidogo. Kuna sehemu utafika utasema eeh sasa nazisikia. Hapo umezidisha, rudi hatua moja. Kipimo changu kwa dereva ni hiki: zikiwa zinapiga usizisikie, ukizizima uone gari imesinyaa. Kwa desibeli mara nyingi inaangukia 6 mpaka 10 chini ya mbele.

Krosova, ile ya kuchagua spika ipewe sauti zipi: spika za nyuma usiziachie bezi yote, zikate chini ya hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ndo bezi), kama ni ndogo kata 100, kama unayo sabufa hata 120 sio dhambi. Haziongei tena na sakafu, zinaongea maneno, na zinaweza kupiga kwa nguvu zaidi bila kukwaruza. Kwa yule wa peke yake anayetaka nyuma iwe ya kujazia tu, kata mpaka 250 au 300 kwa chini, na kwa juu kata kuanzia kama 4000, maana ni zile sauti kali za juu ndo zinazomwambia sikio lako geuka. Utabaki na kitu cha ajabu ukisikiliza peke yake, kama redio ya jirani, lakini ukiunganisha na mbele gari inapanuka.

Na kuna kuchelewesha. Mwaka 1949 Mjerumani anaitwa Helmut Haas aliandika utafiti wake akaonyesha kwamba sauti ile ile ikikufikia mara mbili kwa kupishana milisekunde chache, mpaka kama 30 hivi, sikio linaisikia kama sauti moja, na linaamini imetokea upande wa ile iliyotangulia, hata ile ya pili ikiwa na nguvu kiasi. Hiyo ndo dawa ya spika za nyuma. Sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Ukiichelewesha nyuma kwa milisekunde 15 ni kama umeisogeza mita 5 nyuma ya gari, iko huko nje barabarani, mbele inatangulia na mwimbaji anabaki kwenye dashibodi. Redio zingine zinaandika sentimita badala ya muda, we zidisha tu kwa 34. Na kumbuka gari zetu usukani uko kulia, kwaiyo spika iliyo karibu na wewe kuliko zote ni ya mlango wako wa kulia, hiyo nayo icheleweshe kidogo ifike pamoja na ya kushoto.

Lakini sasa, mama mwenye watoto watatu usifanye hivyo. Umechelewesha nyuma kwa ajili ya dereva, mtoto aliyekaa nyuma spika ya goti lake inamwambia neno, ya mbele imeshamwambia zamani, kwake ni fujo. Redio nyingi zenye hii kitu zina sehemu ya kuhifadhi mipangilio, hifadhi miwili, mmoja wa wewe peke yako na mmoja wa familia usio na ucheleweshaji, feida katikati. Ubishi wa barabara ya Moshi umeisha, kuanzia Tengeru mpaka Boma Ng'ombe hamna anayesema nyuma hatusikii.

Geini ya amplifaya sio volyumu, naomba hili mafundi mlibebe. Ile ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Tegemea mita, sio sikio la mteja mwenye haraka. Chomoa spika, ikwalaiza iwe sifuri yote, redio ipandishe robo tatu, piga toni ya hezi 1000, pima volti za AC kwenye matundu ya kutokea spika. Volti unayotaka ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 50 kwa omu 4 ni 200, kipeuo chake 14.1, ukifika hapo acha. Za nyuma kama unataka ziwe chini zishushe hapa hapa kwenye geini kuliko kubaki unahangaika na feida kila siku.

Watu wa tour nimewaacha mwisho kwa sababu nyie mna shida yenu. Gari ni ndefu, dizeli inanguruma, vioo wazi, paa limenyanyuliwa, na wengi mmefungiwa spika mbili kubwa kule mlango wa mwisho. Mgeni wa siti ya mwisho anaziba masikio na wa siti ya kwanza anauliza kama redio inafanya kazi. Achana na hizo mbili kubwa. Funga ndogo nne, inchi 5 na robo zinatosha, kila mstari wa siti na zake, kwa ile hesabu ya omu niliyosema, zipige taratibu. Ndani ya hifadhi hamna mziki, mnajua, ila kutoka mjini mpaka Karatu ni safari ndefu. Na mchague koni za plastiki zenye ukingo wa raba, sio povu, povu linaoza, na lami ikiishia pale Lodoare, geti la Ngorongoro, vumbi lile jekundu linaingia kila mahali. Zile skrubu ziwekee nati za kujikaza maana makorongo ya Serengeti yanafungua mpaka sahani ya namba.

Swali? Sema mzee wangu... Anauliza ana Vitz, redio ya kawaida haina krosova wala ucheleweshaji, afanyeje. Shikamoo mzee. Nunua vile vikapasita vya kuzuia bezi, vinauzwa bei ya soda chache. Kwa spika ya omu 4 ukiweka kapasita ya mikrofaradi 200 zile zisizo na chanya na hasi, kwa mfuatano kwenye waya wa chanya, unakata karibu na hezi 200. Nyuma patakuwa pamenyooka na feida itamaliza kazi.

Mwingine? Dada anasema fundi wake amemwambia spika za nyuma lazima ziwe kubwa kuliko za mbele. Huyo fundi yupo hapa? Hayupo, basi sitamsema. Muulize anakaa nani nyuma.

Haya, maneno yametosha, nipeni ufunguo wa ile Noah nyeupe tufungue mlango wa nyuma tuone kuna nini, na mwenye betri ya rimoti aitoe.